Dresa Asiyevua Soksi

Nyinyi vijana mtakaoisoma hii, isomeni mkiwa mmekaa, na kama mmevaa soksi zivueni kwanza. Sikwambiini kwa utani. Mimi sikusoma sana. Nimesoma chuoni, chuo cha Kurani, mpaka nikahitimu msahafu, na skuli darasa la nne, basi, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Nataka kukusimulieni habari za mwanamke mmoja aliyeuokoa mguu wangu wa kushoto, mguu ambao daktari alikwisha kuukatia shauri, na ambao leo nnaukanyagia.

Jina lake silitaji. Watu walimwita Dresa kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga vidonda, na akiitwa hivyo akiitika "Naam". Alizaliwa wapi na ukoo wake upi, sikumuuliza. Kwangu mimi mtu huanza siku anayokufaa au anayokuudhi, na yeye kwangu alianza kwa yote mawili asubuhi moja.

Alikuwa pande la mwanamke, sauti nzito, ulimi mkali, na mikono midogo laini isiyolingana na mwili wake hata kidogo. Miaka mingi alifanya kazi katika kituo cha afya. Alipostaafu, vidonda vikamfuata nyumbani kwake Ng'ambo. Chumba cha mbele alikipaka chokaa, akaweka benchi, mabeseni mawili na birika la maji ya chumvi yaliyochemshwa. Mgonjwa hukaa kwenye kiti cha plastiki. Yeye hukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ule ulimi wa chuma ameshaung'oa, ili macho yake yalingane na nyayo za watu. Mtu akija na hadithi ndefu humkatiza: "Hebu nyamaza, nausikiliza mguu."

Na miguu yake mwenyewe hakuna aliyeiona. Kutwa raba nyeusi na soksi nene za kijivu, hata miezi ya kaskazi joto linapotuchemsha. Siku moja nilimwambia:

"Dresa, hiyo miguu yako haipumui?"

"Miguu yangu haina pua, Bi Mkubwa. Shughulika na wako."

Tukacheka sote tuliokuwamo. Hicho kicheko nimekijutia baadaye.

Mguu wangu uliharibika hivi. Nilikwenda Kizimbani kwa binamu yangu kumsaidia kuchambua karafuu. Siku tatu nimekaa mkekani, nimetembea shambani, nimekula mihogo, nimefurahi. Siku ya kurudi, kijiti kikavu kimeingia ndani ya kiatu changu cha kubadhi na kunichoma unyayoni, nami sina habari. Nina sukari, na sukari ikikaa mwilini miaka huua hisia za nyayo. Nikashuka mjini, nikapita Mlandege kununua vitu vyangu, nikarudi nyumbani Mji Mkongwe, nikavua viatu chini, nikapanda ngazi mpaka juu. Mjukuu wangu Zuhura alikuwa nyuma yangu.

"Bibi, umemwaga nini ngazini?"

"Sijamwaga kitu."

"Mbona kuna nyayo nyekundu?"

Nikageuka. Kila kipandio kina alama ya damu, ya mguu mmoja tu, kama mtu aliyepanda kwa kurukaruka. Nilizitazama zile nyayo nikaona ni za mtu mwingine. Maumivu sikuyasikia hata chembe.

Basi nikafanya tufanyavyo wanawake wengi. Nikatia unga wa kahawa ukauke. Haukukauka, nikatia dawa ya meno. Nikatia majivu. Wiki ya pili Zuhura akawa anafungua madirisha nikiingia, nami nikamkaripia kwamba ananitafutia kisa. Kumbe ni harufu. Nilipokwenda hospitali, daktari akasema mguu huu, ukiendelea hivi, ukatwe kabla uozo haujapanda. Nikamwomba muda. Akanipa dawa za kumeza, akanipangia kurudi kila wiki, na akasema pasipokuwa na nafuu tusibishane tena. Kule foleni ndiko nilikoelekezwa kwa Dresa.

Alikifungua kidonda changu, akakitazama, akaninyanyulia macho.

"Nani kakupikia kahawa humu?"

"Nimetia mwenyewe."

"Na dawa ya meno? Kidonda chako kina meno?"

"Mimi ni mtu mzima, Dresa. Nisemeze kwa adabu."

"Adabu ninayo, nimeiweka nyuma kwenye kabati. Kikipona hiki ntakutolea pamoja na chai." Akainama akaanza kuosha. "Humu ndani, Bi Mkubwa, mna watu wanafanya kazi usiku na mchana, nawe unawamwagia kahawa machoni."

Hao watu aliowasema ni seli. Alikuwa na kitabu kimoja kilichochanika jalada, chenye picha za rangi, na akipata nafasi hukifungua juu ya magoti. Mimi picha zile nilikuwa nikiziona kama maandazi yaliyokatwa. Lakini maneno yake niliyafahamu, na ntayasema kama nilivyoyafahamu.

Alisema mwili ni vijumba vidogo visivyoonekana kwa jicho, vingi kupita mchanga, na kila kimoja kiko hai, kinakula, kinatoa taka, kinajitengeneza. Ngozi huzaliwa chini, ikapanda juu polepole, ikifika juu imeshakufa, inabanduka. "Unapofuta vumbi kwenye kioo cha kabati, mna wewe mwenyewe ndani yake." Utando wa ndani ya tumbo hubadilishwa kwa siku chache, kwa sababu kazi yake ni chafu na ngumu. Chembe za damu huishi kama miezi minne zikaondoka. Mfupa nao hubomolewa na kujengwa, lakini kwa miaka. Ila moyo na ubongo, alisema, seli zake nyingi hazina mbadala. "Hao ni wazee wa mtaa. Ukiwapoteza hupati wengine. Ndiyo maana n'nakwambia sukari ishushe, si kwa ajili ya mguu tu."

Lililonishangaza zaidi ni lile la maandishi. Alisema ndani ya kila seli mna maandishi ya jinsi mtu alivyoumbwa, na kila siku yanaharibika kidogo, kwa jua, kwa moshi, kwa kunakiliwa tu. Na wamo wasomaji humo humo wanaoyapitia, wakikuta kosa wanalikata na kuliandika upya.

Nikamwambia, "Basi ni kama chuoni. Mtoto akikosea herufi, mwalimu humrudisha mpaka aiseme sawa."

Akasita na mguu wangu mkononi, akanitazama. Yeye Mkristo, msalaba mdogo uko ukutani juu ya birika. "Hivyo hasa. Na akikosea mpaka haponyeki?"

"Chuoni? Hurudishwa kwao."

"Seli hairudishwi kwao. Hujifunga yenyewe, ikafa kwa utaratibu, majirani wakala mabaki, hakuna kelele wala usaha. Ile inayokataa kufa na inakataa kusahihishwa, ndiyo saratani."

Mimi ni mtu wa kukataa kusahihishwa, na kila mtu nyumbani kwangu anajua.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwengine. Vifuko vya nailoni vinavyotiwa mashuka mapya akiviosha na kuvikata vipande. Kila wiki, kidonda kikishasafishwa, huweka kipande cha nailoni juu yake, akauchora ukingo wa kidonda kwa kalamu ya wino mzito, akaandika tarehe. Kisha hukifuta uchafu upande wa chini, hukibandika dirishani. Dirisha lake lilijaa michoro ya vidonda vya watu, bila majina, mwanga ukipita. Kila mtu anakijua chake. Na kwa kuwa sisi ni watu wa visiwa, tukavipa majina. Changu kilianza Tumbatu, kisiwa kikubwa. Wiki baada ya wiki kikapungua, kikawa Bawe. Mpaka siku moja hamali mmoja aliyekuwa akitibiwa kidonda cha kisigino akaniambia kutoka benchini, "Hongera Bi, naona umeshafika Changuu," kisiwa kidogo zaidi. Nikajiona nimepewa cheo.

"Tazama," Dresa aliniambia, akipitisha kidole pembezoni mwa mchoro. "Ngozi haiangukii katikati kama paa. Hutambaa kutoka ufukweni. Seli za ukingoni zinajilaza bapa, zinaingia ndani kidogo kidogo, zimeshikana, mpaka zikutane na za ng'ambo. Zinataka njia ya unyevu, safi, na mtu asizikanyage. Kwanza walipita wale wa kula uchafu. Wakaja wa kutandika nyama hii nyekundu. Sasa hawa. Kila mmoja anajua zamu yake. Mimi kazi yangu kuondoa takataka na kukuzuia wewe."

Kauli yake aliyoirudia mpaka watu wakiimaliza wenyewe ni hii: "Kidonda hakiponywi, kidonda hupishwa." Akianza "Kidonda hakiponywi," benchi zima huitikia. Kigaga chenye afya hakibanduliwi. Spiriti haimwagwi kwenye nyama changa. Mguu wenye kidonda cha unyayo haukanyagi, kanyagia mikono ukiweza.

Mwenyewe lakini, mambo yake yalikuwa yanapishana. Aliwaambia watu wapumzike, naye kutwa juu ya miguu, akikaa kwenye ile mbuzi ni kwa ajili ya mgonjwa tu. Alikuwa mkali kwa mtu na mpole kwa kidonda. Anaweza kukutukana ukoo mzima huku kibendeji kikitoka bila kuung'oa hata unywele. Gozi za kufungia na pamba aligawa bure, lakini jirani akiomba chumvi humwambia duka liko wazi. Mwezi wa Ramadhani akienda chumba cha nyuma kunywa maji, ili asitunywee machoni, na hapo hapo akitugombeza sisi wa sukari tuliotaka kufunga bila ruhusa ya daktari. Alisema njaa ya kiasi, kwa mwenye afya, huzifanya seli zivile vyombo vyao vibovu vya ndani, zikajisafisha, "lakini wewe Bi Mkubwa ukifunga utajisafisha mpaka kaburini."

Na chai. Dresa alitia sukari vijiko vitatu. Ukimtazama husema, "Mimi na sukari tumezoeana."

Nilisikia, wala sikuuliza wamezoeana vipi.

Sasa kosa langu. Zuhura aliposwa, harusi ikapangwa nyumbani, na bibi wa bibi harusi ndiye anayepokea wageni wa kike mlangoni. Viatu vinavuliwa chini ya ngazi. Juu ni mabusati na miguu mitupu, imetiwa hina, inang'aa mafuta. Mimi nina mguu mmoja wenye bendeji. Nilijiona nimesimama mlangoni, na macho ya wanawake wote wa mtaa yanashuka chini, na kesho yake maneno. Kidonda kimeshakuwa kidogo, nusu ya Changuu. Nikasema, hina hukausha. Nikamwita mwanamke anayepaka hina. Kwa kuwa ile ngozi changa ilikuwa nyeupe na haishiki rangi, akachanganya piko, ile rangi nyeusi ya nywele, akachora maua mpaka pembeni ya kisigino na kufunika unyayo mzima. Uzuri wake, hamna mfano. Nikasimama kwa muda wa saa sita. Wanawake wakasema, "Mashaallah, Bi Mkubwa kapona."

Siku ya nne nikaenda Ng'ambo nimeufunga mguu kwa kanga. Dresa akaufungua. Maua yalikuwa bado yapo, na katikati ya maua ngozi yote imeinuka malengelenge na kufumuka.

Hakunitukana. Bora angenitukana. Aliosha taratibu, akachora nailoni mpya, akaenda dirishani akachukua ile ya wiki iliyopita. Akaweka ya zamani juu ya mpya, akanipa nishike.

"Kipi kikubwa?"

"Cha leo."

"Kisiwa gani?"

"Tumbatu," nikasema.

"Miezi miwili walitambaa hao. Hawakudai kitu. Uliona haya watu kuiona bendeji, ukawaua." Akakaa kwenye mbuzi yake. "Haya ndiyo yanayokata miguu, Bi Mkubwa. Sukari huanza, haya humaliza."

Nililia mbele za watu. Mimi, ambaye Zuhura hajawahi kuniona na chozi. Alipomaliza kunifunga, nikamuuliza kama wale walio hai wataanza tena. Akasema, "Wataanza. Wao hawana kinyongo. Wanataka waachiwe tu." Na wakaanza. Ilichukua miezi mingi kuliko mwanzo, nami nikakaa kitandani na mguu juu ya mto, nikipika kwa mdomo. Siku kidonda kilipofunga, hakukuwa na cha kuchora. Alibandika dirishani kipande cha nailoni kitupu, akaandika tarehe. Na kweli akanitolea chai.

Ukapita muda sikumwona. Watu wakasema Dresa amepumzika, hapokei tena wagonjwa. Nikapika mikate ya kumimina, nikamwambia Zuhura anisindikize. Tukamkuta amekaa chumba cha nyuma, miguu ameifunika kanga, uso umepungua.

"Hodi, Dresa."

"Karibu, Bi Mkubwa. Umekuja kunionyesha kovu?"

Nilikuwa nimeshainusa ile harufu. Hiyo harufu mimi naijua, imelala nami chumba kimoja. Zuhura naye akaijua, akasogea dirishani akafungua, kama alivyokuwa akifanya nyumbani.

"Dresa," nikasema, "vua soksi."

"Acha mambo yako."

"Vua soksi."

"Nani atamfunga mfungaji?" Alisema kwa kucheka, na kicheko kikamkatikia. "Niliwaambia watu wote. Niende nikae benchi lao? Waseme Dresa naye?"

Nikakaa juu ya ile mbuzi. Magoti yangu yalilia. Nikamvua mwenyewe, raba kwanza, kisha soksi, iliyokuwa imegandana na kidonda, nikailowesha kwa maji ya chumvi kama alivyonifunza. Nilichokiona sikielezi. Hakikuwa Tumbatu. Nilimwomba Zuhura kipande cha nailoni, nikachora, na ukingo wa kalamu ukatoka nje ya nailoni. Dresa aliutazama ule mchoro muda mrefu, yeye aliyechora mamia ya wengine.

"Kimeanza lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya chako," akasema.

Kwa hiyo siku zile zote aliponiinamia mimi, alikuwa amesimama juu ya chake.

Tukampeleka hospitali siku ile ile. Mguu ulikatwa chini ya goti. Mimi nimebaki na wangu, yeye ameukosa wake, na ujuzi wote ulikuwa kichwani mwake, si kwangu. Hesabu hiyo mpaka leo hainikai.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumtazama, si zamani, alikuwa nje ya mlango wake kwenye kiti cha magurudumu, ana kikombe cha chai isiyo na sukari, na kijiko hakina kazi. Aliponiona akaikunja kanga mwenyewe, mchana kweupe, watu wanapita.

"Njoo uone kazi," akaniambia.

Mwisho wa mguu ulikuwa umefunga. Ngozi imekutana kutoka pande zote, laini, kovu jembamba kama mshono wa fundi mzuri. Akapitisha kidole juu yake, vile vile alivyokuwa akikipitisha kwenye nailoni.

"Hawakuniuliza kwa nini nimechelewa," akasema. "Hawajui kama chini kulikuwa na mguu. Wameukuta ukingo, wakaufunga, kama wangemfungia mtoto mchanga. Miaka yote nlikuwa nawasemea kwa watu wengine, Bi Mkubwa. Walichokitaka kwangu ni kimoja tu, nimwonyeshe mtu kidonda."

Nikamuuliza habari za mguu uliobaki. Akaunyoosha. Mtupu, hauna soksi. Nikautazama unyayo, nikatazama katikati ya vidole, kimoja kimoja. Msafi. Naye akanipokea wangu, akaupakata, akakagua kovu na kisigino. Tukakaa hivyo mlangoni, wazee wawili wameshikana nyayo, na wapita njia wakatusalimia, "Shikamooni." Tukaitikia "Marahaba" bila kunyanyua vichwa.

Nikarudi nyumbani, nikapanda ngazi zangu taratibu, nikawaita wote ukumbini, Zuhura na mumewe, wanangu, wajukuu, na mgeni aliyekuwepo. Nikawaambia: "Kuanzia Ijumaa hii, kabla ya chai, kila mtu wa nyumba hii atakaa hapa dirishani, atavua viatu na soksi, ampe mwenziwe nyayo zake azitazame kwenye mwanga, chini na baina ya vidole. Asiyeonyesha, chai hanywi. Na wa kwanza kutazamwa ni mimi."